Boksi liko usoni, sasa mbona fokasi iko kwenye pazia?

Kuna hasira moja hivi ambayo mtu asiyeshuti video hawezi kuielewa hata umweleze vipi. Umerekodi mahojiano marefu, kwenye skrini ndogo ya kamera kila kitu kilikuwa safi, lile boksi la uso, kile kimraba kinachoonyesha kamera imeuona uso, limekaa pale pale, unashukuru, unafungasha vifaa, afu unakuja kufungua klipu kwenye laptopi unakuta macho ya mtu hayana ukali, yamelegea hivi, huku pazia la nyuma yake limetoka safi kabisa mpaka nyuzi unaziona. Na mtu keshaenda zake, na hata ukimrudisha hawezi kuyasema yale maneno vile alivyoyasema mara ya kwanza.

Hapo wengi wanakimbilia intaneti kutafuta setingi nzuri za otofokasi, yaani kamera kujitafutia fokasi yenyewe, na majibu yako kibao, huyu anasema weka 5 na 3, yule anasema ukiweka hivyo umeharibu, weka 7 na 2. Mimi hizo namba za kupeana siziamini. Kwanza hazifanani kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Chukua ile setingi inayoamua kamera ing'ang'anie mtu uliyemchagua au iwe nyepesi kumwacha. Kwenye Sony inaanzia 1 mpaka 5, na 1 ndo ya kung'ang'ania. Kwenye Nikon ni 1 mpaka 7, ila huko 7 ndo ya kung'ang'ania na 1 ndo nyepesi, yaani imegeuzwa. Canon wao wana hasi 3 mpaka jumlisha 3. Kasi ya kusogeza fokasi nayo vivyo hivyo, Sony 1 mpaka 7, Nikon hasi 5 mpaka jumlisha 5, Canon hasi 7 mpaka jumlisha 2, maana yake Canon wamekuachia nafasi kubwa ya kupunguza mwendo na nafasi kiduchu ya kuongeza, jambo ambalo kwa video mi naliona lina akili. Sasa mtu kachukua namba ya kamera nyingine kaiweka kwenye yake, tatizo limekuwa kubwa zaidi, anasema otofokasi ya kamera yangu mbovu.

Ila hata kama namba zingefanana zote, bado ningesema usianzie huko. Otofokasi ya uso inaonekana kama kitu kimoja lakini ndani yake kuna kazi tatu tofauti kabisa. Kamera lazima iuone uso, yaani itambue kwamba hiki hapa ni uso na sio chungu cha maua. Afu ikishauona lazima iuchague, iamue kwamba huu ndo wa kufuata na sio ule mwingine. Afu ikishauchagua lazima lenzi isogee mpaka pale panapotakiwa na itulie. Zile namba za kasi na kung'ang'ania zinagusa zaidi kazi ya tatu, na kidogo ya pili. Kama kamera yako haiuoni uso tangu mwanzo, we badilisha namba mpaka kesho.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jua ni kazi ipi inayofeli, na hilo lile boksi litakwambia. Shida ni kwamba boksi halirekodiwi kwenye klipu, ukija kuangalia baadaye unaona matokeo tu, sababu huioni. Dawa yake ni rahisi mno na sijui kwa nini watu hawaifanyi: weka kamera kwenye tripodi, mkalishe mtu, rekodi dakika chache, na wakati huo huo chukua simu urekodi ile skrini ya nyuma ya kamera. Kama una monita ya nje, kamera nyingi zinaweza kutoa zile alama zote kupitia waya wa HDMI, unarekodi hapo. Baadaye unaweka klipu mbili sambamba, ya kamera na ya simu, unaziangalia pamoja. Pale ukali ulipopotea, angalia boksi lilikuwa wapi. Halikuwepo? Kamera haikuuona uso. Lilikuwa kwa mtu mwingine? Imechagua vibaya. Lilikuwa pale pale usoni na bado uso umelegea? Hapo ndo shida iko kwenye lenzi, au kwenye kasi, au kwenye apacha, lile tundu la lenzi la kupitishia mwanga.

Na angalia rangi ya boksi pia. Kwenye Sony boksi la kijivu maana yake uso umeonekana ila fokasi haijaenda huko, likiwa jeupe ndo kamera inaona inaweza kufokasi pale. Watu wanaona boksi tu wanaridhika, kumbe lilikuwa la kijivu muda wote.

Haya, tuanze na kuona, maana kwa uzoefu wangu kesi nyingi zinaishia hapa hapa.

Njia iliyofanya utambuzi wa uso uwe wa haraka ilitoka mwaka 2001 kwa watafiti wa kompyuta Paul Viola na Michael Jones. Walichofanya ni kuifundisha kompyuta itafute mpangilio wa mwanga na giza: sehemu ya macho huwa na giza kuliko mashavu, daraja la pua huwa na mwanga kuliko macho ya pande zote mbili, na kadhalika, maelfu ya vipimo vidogo vidogo vinavyopitishwa haraka haraka. Miaka michache baadaye, 2005, Nikon wakaanza kuuza kamera ndogo za Coolpix zenye fokasi ya uso. Kamera za mirolesi za siku hizi, hizi zisizo na kioo ndani, zimehamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, iliyofundishwa kwa picha nyingi, ila ukiujua ule msingi wa zamani unaelewa mara moja kwa nini uso unapotea: kila kitu kinachovuruga ule mpangilio wa mwanga na giza kinavuruga utambuzi. Kofia ya ukingo mpana inayotupa kivuli mpaka puani, miwani inayorudisha taa, barakoa, maikrofoni kubwa iliyofunika mdomo, nywele zilizofunika jicho moja, mkono kidevuni.

Kulikuwa na mama mmoja niliyekuwa namrekodi, mtu mzima, miwani yenye vioo vinene, amekaa kiubavu na dirisha liko nyuma ya bega lake. Boksi likawa linakuja, linapotea, linakuja, na kila likipotea fokasi inateleza kwenda kwenye fremu ya dirisha, afu akigeuka kidogo linarudi. Akaniona navyohangaika, akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine imenikataa?" Nikamwambia hapana mama, imelipenda dirisha. Akacheka sana. Nilichofanya ni kuzungusha kiti chake kidogo ili macho yote mawili yaelekee kamera kuliko dirisha, nikaipandisha taa juu zaidi na kuinamisha ili ule mng'ao kwenye miwani ushuke chini ya pembe ya lenzi, nikaongeza mwanga usoni mpaka shavu likaanza kuonekana vizuri. Boksi likakaa. Kwenye menyu sikugusa kitu.

Hili la mwanga nyuma nitalikazia kidogo. Kamera ikipima mwanga wa fremu nzima na nyuma kuna dirisha jeupe, inapunguza mwanga wa picha yote, na mtu mwenye ngozi nyeusi uso wake unazama mpaka karibu na giza tupu, hapo hakuna tena tofauti ya jicho na shavu, kamera itaona nini? Wengine wanasema kamera hizi zimefundishwa kwa nyuso nyeupe tu. Suala la mafunzo ni la kweli kwenye teknolojia ya nyuso kwa ujumla, mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa uso wakakuta makosa yamefika asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi wakati kwa wanaume wenye ngozi nyeupe hayakuzidi asilimia 0.8. Ule utafiti haukuwa wa otofokasi, tusichanganye mambo. Lakini kwa kamera za miaka ya karibuni, ukiweka mwanga wa kutosha usoni, mi sijaona boksi likikataa kukaa kwa sababu ya rangi ya mtu. Ninachokiona kila mara ni uso uliokosa mwanga. Kwa hiyo pima mwanga kwa uso, sio kwa dirisha, na kama dirisha litaungua acha liungue, au lifunike.

Wanaorekodi kwa logi, ile picha iliyofifia ya kuja kurekebishwa rangi baadaye, nao wasikie. Picha ya logi ni bapa, na ukiirekodi ikiwa na mwanga mdogo kazi inakuwa ngumu zaidi. Ile setingi ya kukuonyesha rangi za kawaida kwenye skrini wakati unarekodi logi inakusaidia wewe macho yako, usidhani imeongeza mwanga kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha.

Kugeuka pembeni ni jambo lingine linalotegemea umri wa kamera. Zile za zamani zikipoteza macho mawili ndo basi. Kuanzia 2020 Canon kwenye EOS R5 na R6 wakaweka utambuzi wa kichwa chote, mtu akigeuka kamera inashika kichwa mpaka uso urudi, na Sony mwaka 2022 kwenye A7R V wakaweka chipu maalumu ya akili bandia inayokadiria mkao wa mwili mzima. Kama kamera yako ni ya kabla ya hapo, usiipangie kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Mwambie mtu asigeuke sana, au tumia ule ufuatiliaji wa kugusa skrini, unamgusa kifuani kwenye nguo yenye mchoro, inamfuata hivyo.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha huo utambuzi umewashwa upande wa video. Kamera nyingi za sasa zimetenganisha menyu ya picha na menyu ya video, umewasha macho kwenye picha unadhani umemaliza, ukihamia video iko imezimwa. Kuna zinazotaka pia uchague eneo fulani la fokasi ndo uso ufanye kazi, mfano Nikon Z6 na Z7 za mwanzo zinakupa utambuzi wa uso ukiwa kwenye eneo la kujichagulia lenyewe tu, ukiweka pointi moja uso hamna. Angalia pia kama hukuiacha kwenye wanyama au ndege, hii inatokea kuliko watu wanavyokubali, mtu alikuwa anapiga paka wake jana leo anamrekodi bibi harusi. Na zoom ya kidijitali: kwenye miili mingi ya zamani ya Sony ukiwasha hiyo zoom, uchaguzi wa eneo unazimika na kamera inafokasi katikati ya fremu, uso wako ukiwa pembeni shauri yako. Mwendo wa pole pole wa fremu nyingi nao kwenye baadhi ya kamera unazima utambuzi. Kitabu cha maelekezo kina majedwali ya vitu gani havikubali kukaa pamoja, yanachosha kusoma lakini majibu yako humo.

Kuchagua sitakaa sana. Ukiwa na watu wawili kwenye fremu, kamera inapendelea aliye karibu au mkubwa au aliye katikati, na wakibadilishana kuegemea mbele na nyuma basi na fokasi inahama nao kama mpira. Ukisikia mtu anasema otofokasi yake "inapumua" mara nyingi ni hii, nyuso mbili zinazonyang'anyana. Mguse unayemtaka kwenye skrini. Kamera nyingi zinaruhusu pia kusajili uso wa mtu fulani apewe kipaumbele, kwa anayejirekodi mwenyewe kila wiki hiyo inalipa. Na angalia ukutani jamani, picha za kuning'iniza, mabango, jalada la kitabu lenye sura ya mtu, televisheni iliyowashwa. Kamera haijui kwamba yule wa kwenye picha hatasema chochote.

Halafu kuna lile la kinyume, unataka kuonyesha kitu mkononi na kamera imeng'ang'ania uso wako haitaki kushuka. Pale kamera haina kosa, imefanya ulichoiambia. Sony kwenye ZV-1 ya 2020 waliweka kitufe maalumu cha kazi hiyo, ukisogeza kitu mbele ya lenzi inaacha uso inakifuata. Kamera yako kama haina, panga kitufe kimoja kiwe cha kuzima na kuwasha utambuzi wa uso, na uzime kabla hujainua kitu.

Sasa tuje kwenye lenzi, maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi, boksi jeupe liko machoni na bado picha inapwaya.

Kuna njia mbili kubwa za kamera kutafuta fokasi. Moja inaangalia utofauti wa mwanga na giza kwenye kingo za vitu: inasogeza lenzi, inapima, inasogeza tena, inapima, mpaka ukali uanze kushuka ndo inajua imepita kilele, inarudi. Ni kama unavyotafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha, huwezi kujua hapa ndo safi zaidi mpaka upapite usikie mkwaruzo. Kwenye picha hilo halisumbui, kwenye video unaona kabisa ule mchezo wa mbele na nyuma. Njia ya pili inagawa mwanga unaoingia kupitia pande mbili za lenzi na kulinganisha, kwa hiyo kamera inajua tangu mwanzo fokasi iko mbele au nyuma na kwa umbali gani, inaenda moja kwa moja. Canon walileta pikseli (vile vinukta vya sensa) zilizogawanywa mara mbili kwenye 70D mwaka 2013 na ndo video za watu wa kujirekodi zikabadilika. Panasonic walibaki na njia ya kwanza kwa miaka mingi, wakiisaidia kwa mahesabu ya kukadiria umbali, mpaka S5II ya Januari 2023 ndo wakaweka ya pili kwenye kamera zao za Lumix.

Kama una kamera ya njia ya kwanza, kubali kwamba ukutani nyuma patacheza cheza kidogo hata uso ukiwa sawa, na kuna mambo mawili yanasaidia. Rekodi fremu 50 au 60 badala ya 24 au 25, maana kamera inapata vipimo vingi zaidi kwa sekunde. Na usiache nyuma kuwe na vitu vyenye kingo kali na taa za kumetameta, kwa sababu hizo ndo zinaivuta.

Ila hata ya njia ya pili ina udhaifu wake. Kwenye miundo mingi pikseli zimegawanywa kushoto na kulia, hivyo zinasoma vizuri mistari ya wima na zinayumba kwenye ya mlalo. Mtu amevaa shati la mistari ya mlalo, kamera imepoteza uso imeshuka kifuani, basi hapo haina pa kushika. Na ukifunga apacha sana, f/11 hivi (namba ya f ikiwa kubwa ndo tundu dogo), zile pande mbili za lenzi zinakaribiana na tofauti ya kupima inakuwa ndogo. Wakati wa kurekodi video kamera inafokasi ikiwa na apacha ile ile uliyoiweka, haifungui kwanza kama wengine wanavyodhani.

Giza nalo. Unasoma kwenye matangazo kwamba kamera inafokasi mpaka EV (kipimo cha mwanga) hasi 6.5, kama ile R6, unajua ni ajabu. Ni kweli, ila hicho kipimo ni cha lenzi ya f/1.2, pointi ya katikati, kwenye picha za mnato. Wewe una lenzi ya f/4, unarekodi video, umefunga na filta ya ND, ile ya kupunguza mwanga, bado hukuitoa baada ya kutoka nje. Toa filta kwanza. Zile ND za kuzungusha za bei rahisi zikizidishwa zinaleta msalaba wa giza katikati ya picha, uso ukiwa ndani ya ule msalaba utambuzi unakufa.

Taa za LED zinazopepesa ni ugonjwa mwingine ambao hauonekani kwa macho. Umeme wa 50 Hz unataka shata (muda wa sensa kupokea mwanga kwa kila fremu, kwa sekunde) ya 1/50 au 1/100, wa 60 Hz unataka 1/60 au 1/120. Ukitoka nje ya hapo chini ya taa mbovu, mistari ya giza inapita kwenye picha, na kamera inayotegemea utofauti wa mwanga inaona ukali unabadilika wakati hakuna kilichosogea, inaanza kutafuta.

Sasa apacha, ambayo kwangu ndo mshukiwa wa kwanza kila nikiona boksi jeupe na macho yamelegea. Fanya hesabu. Lenzi ya 50mm kwenye sensa ya fulu fremu, ile kubwa, f/1.8, mtu yuko mita 1.5: eneo lenye ukali ni kama sentimita 10 tu kwa jumla, mbele na nyuma. Msogeze awe mita 1, zinabaki kama 4. Lenzi ya 85mm f/1.4 kwa mita 2, kama sentimita 4 na nusu. Mtu anaongea, anatikisa kichwa, anaegemea mbele kusisitiza jambo, hizo sentimita 4 kazimaliza kabla hajafika kwenye kitenzi. Kamera inamfuata, sawa, lakini inamfuata nyuma yake kidogo kila mara, na kama umepunguza kasi ili fokasi ihame kwa ulaini kama kwenye filamu, ndo umeichelewesha zaidi. Funga mpaka f/4 badala ya f/1.8, pale pale mita 1.5, unapata zaidi ya sentimita 20, na ghafla kamera ile ile "mbovu" imekuwa nzuri. Najua mnapenda nyuma kufifie. Msogeze mtu mbali na ukuta.

Zile namba basi, ndo tumefika. Kwa mtu mmoja aliyekaa, mi naweka kasi ya kati au juu kidogo na kung'ang'ania kwa nguvu, ili mkono ukipita mbele ya uso kamera isikurupuke. Kwa mtu anayetembea kuja kwenye kamera, kasi juu na kung'ang'ania kwa kati. Kasi ya chini naiacha kwa ule mpito wa makusudi kutoka kitu kimoja kwenda kingine, kwa uso unaosogea haifai. Na badilisha moja, jaribu, afu ndo uguse nyingine, ukigeuza zote pamoja hutajua ipi imefanya nini.

Lenzi yenyewe pia ina viswichi vyake. Kuna cha AF (otofokasi) na MF (fokasi ya mkono), kuna cha kuzuia masafa kinachoiambia lenzi isitafute karibu, na kuna kile kitufe cha pembeni cha kushikilia fokasi, ambacho ukiiweka kamera kwenye gimbo, kile kifaa cha kuituliza isitikisike, kinaweza kugusana na mkono wa gimbo kikabaki kimebonyezwa, boksi linacheza usoni vizuri lakini lenzi haisogei hata kidogo, unaweza ukarudisha kamera dukani kwa hilo. Lenzi za zamani kupitia adapta zina mota ambazo hazikutengenezwa kwa kusogea kidogo kidogo mfululizo, zinaruka kwa hatua na zinapiga kelele, na hakuna setingi itakayozifanya ziwe lenzi nyingine. Sasisha fimwea, yaani programu ya ndani, ya kamera, na ya lenzi pia, watu wanaisahau ya lenzi.

Na kuna wakati jibu ni kuizima. Mahojiano ya mtu aliyekaa kitini, mi mara nyingi naitumia otofokasi kutafuta jicho mara moja tu, afu nahamia MF, nakuza picha kwenye skrini mpaka nione kope, namwambia aegemee mbele na nyuma kama atakavyokuwa anaongea, naangalia ukali unavyohimili, na f/4 au f/5.6 inatosha. Kuna kamera za Canon za sinema kama C200 zina hali ya uso tu, uso ukipotea fokasi inaganda pale ilipokuwa badala ya kukimbilia nyuma, na hiyo ningependa iwe kwenye kila kamera. Kwa wengine wote ambao hatuna, MF inafanya kazi hiyo hiyo bure. Mtu akicheka akajirusha mbele mpaka akatoka kwenye fokasi mwache acheke, akirudi kitini ukali utakuwa unamsubiri pale pale.